Watafiti wa Ridhaa Wasioomba Ridhaa

Katika michezo tunalo neno zuri: ngumi za ridhaa. Bondia wa ridhaa hupigana kwa mapenzi yake, hana mkataba wala promota, na akivunjwa pua huenda nyumbani na pua yake. Kwa mfano huo nimeamua kuwaita watafiti wa ridhaa wale watu ambao nakusudia kugombana nao leo. Hawakutumwa na chuo kikuu, hawalipwi na gazeti, hawajala kiapo cha askari wala cha wakili. Ni makarani, walimu, wauza duka na wastaafu, ambao kwa zaidi ya miaka 60 wamekuwa wakitumia jioni zao kuchunguza mauaji ya Rais John F. Kennedy, aliyepigwa risasi Dallas, Texas, tarehe 22 Novemba 1963. Na kwa kuwa wakubwa wa mkasa ule wamekwisha kuandikwa hata wino ukakauka, wengi wao sasa huwasaka wadogo: nani alisimama pale ukingoni mwa barabara, nani alipunga mkono, nani alivaa nini.

Lakini neno ridhaa lina uso wa pili. Katika ndoa na katika matibabu, ridhaa hutafutwa kwa yule atakayetendewa. Daktari haombi ridhaa yake mwenyewe kabla ya kumpasua mgonjwa. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, nami nauleta mbele ya washairi na wapenzi wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, mkasa wa Dallas umekwisha kuhamia katika Kiswahili. Simulizi zake za sauti husikilizwa ndani ya daladala kama zilivyosikilizwa zamani hadithi za Abunuwasi. Pili, silaha kubwa ya upelelezi huu ni maneno, na maneno ndiyo mali yetu.

Nianze na neno mhusika.

Waliofundisha fasihi wanajua jinsi neno hili linavyotumikishwa darasani. Tuna mhusika mkuu na wahusika wadogo, mhusika bapa na mhusika duara, na kila mwaka mtihani hauachi kuuliza: jadili umuhimu wa mhusika fulani. Mwanafunzi amefunzwa, nami nimewafunza wengi, kwamba katika kazi nzuri ya sanaa hakuna mtu apitaye bure. Mwandishi akimpitisha mzee mwenye mwavuli katika ukurasa wa 12, basi mwavuli ule una kazi. Tuutafute ukurasa wa 90. Hiyo ni kanuni halali, kwa sababu riwaya ina mwandishi, na mwandishi ameuchagua mwavuli.

Ofisini na mahakamani mhusika ni kitu kingine. Barua huanza "kwa yeyote anayehusika", na mhusika ni mtu ambaye jambo linamgusa. Lugha yetu imeyaweka mawili haya ndani ya neno moja, na mtu asiyeangalia huteleza kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua kwamba amevuka mpaka. Huko ndiko walikoteleza watafiti wa ridhaa. Wameisoma barabara ya Dallas kama riwaya. Barabara haina mwandishi.

Chukueni kisa cha mwavuli wenyewe, maana sikuutaja kwa bahati. Asubuhi ile mvua ilinyesha Dallas, lakini msafara wa rais ulipopita saa sita na nusu mchana jua lilikuwa linawaka. Katika picha za tukio, ukiwamo mkanda mashuhuri wa sekunde 26 uliopigwa na Abraham Zapruder, mwavuli mweusi uliofunguliwa unaonekana kando ya barabara karibu kabisa na mahali rais alipopigwa risasi. Jua kali, mwavuli wazi, risasi. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha tatu angeandika kurasa mbili. Watafiti wakaandika vitabu. Wapo waliosema mwavuli ulikuwa ishara kwa wapigaji. Wapo waliochora michoro kuonesha kwamba mwavuli wenyewe ulikuwa silaha, umetoa mshale mdogo wenye sumu ili kumpooza rais akae wima apigwe vizuri. Narudia: michoro, yenye vipimo.

Mwaka 1978 mwenye mwavuli alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikichunguza upya mauaji yale. Jina lake limo katika kumbukumbu za kamati. Mimi sitaliandika, kwa sababu nitakazozieleza. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima. Alisikia kazini kwamba mwavuli ni kitu kinachowaudhi watu wa ukoo wa Kennedy. Mwavuli mweusi ulikuwa alama ya Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza aliyerudi kutoka Munich mwaka 1938 akiamini kwamba amempoza Hitler; na baba yake rais, Joseph Kennedy, akiwa balozi wa Marekani mjini London wakati huo, aliunga mkono siasa hiyo ya kumbembeleza Hitler. Yule bwana basi akatoka wakati wa chakula cha mchana kwenda kumzomea rais kwa mwavuli. Ni fumbo! Washairi wenzangu, huyu alikuwa mtu wa kwetu: alitaka kutoa kijembe kwa ishara, kama mwanamke wa Unguja amvaliaye jirani kanga yenye jina kali. Kijembe kikakutana na risasi katika sekunde moja. Mwenyewe aliiambia kamati kwamba kama kungekuwa na rekodi ya dunia ya mtu aliyekuwa mahali pasipofaa, kwa wakati usiofaa, akifanya jambo lisilofaa, yeye angeshika nafasi ya kwanza.

Mngedhani maelezo hayo yangemrudisha mtu huyo nyumbani. Wapo waliosema maelezo ni ya ajabu mno kuaminika. Yaani mshale wa sumu kutoka katika mwavuli unaaminika, kijembe hakiaminiki.

Na jirani yake je? Baada ya risasi, katika picha, mwenye mwavuli anaonekana amekaa ukingoni mwa barabara pamoja na mtu mwenye ngozi nyeusi. Mtu huyu alikuwa ameinua mkono msafara ulipokuwa ukipita. Mwenye mwavuli alikumbuka kwamba jirani huyo alikuwa akirudiarudia maneno ya mshangao, kwamba wamewapiga risasi watu wale. Mikononi mwa watafiti amekuwa Mkyuba, kibaraka mwenye redio ya mawasiliano, na mkono alioinua umekuwa amri. Msomaji wa Kiafrika na alitafakari hili polepole. Mamia ya watu weupe waliinua mikono siku ile mjini Dallas, na mikono yao ilibaki kuwa mikono.

Nieleze sasa kisa cha watu watatu, kwa kuwa ndicho kinachoonesha vizuri zaidi ubaya na uzuri wa kazi hii. Mchana ule polisi waliwatoa watu watatu wasio na makazi katika behewa la treni ya mizigo karibu na eneo la tukio, wakawapeleka kituoni, na wapiga picha wa magazeti wakawapiga picha njiani. Miaka mingi baadaye watafiti waliziweka picha zile mezani wakaanza kusoma sura. Mmoja akafananishwa na jasusi aliyehusishwa na kashfa ya Watergate, mwingine na mwenzake jasusi huyo, wa tatu na muuaji wa kukodiwa. Tume ya serikali ya mwaka 1975 ililinganisha sura na vimo, ikaona havilingani. Haikusaidia. Ushahidi mkubwa ulikuwa huu: watu wale ni nadhifu mno, wamenyoa ndevu, viatu vyao si vya watu waishio behewani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikajulikana karatasi za kukamatwa kwao, zilizokuwa zimelala katika majalada ya polisi wa Dallas muda wote huo. Walikuwa wazururaji kweli, wenye majina na historia, wakashikiliwa kwa uzururaji hadi tarehe 26 Novemba kisha wakaachiwa. Na unadhifu? Usiku uliotangulia walilala katika nyumba ya misaada ya Wakristo, wakaoga, wakanyoa, wakapewa nguo safi na chakula. Sadaka waliyopewa maskini ndiyo iliyogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao kwa karibu miaka 20. Wawili waliokuwa hai bado walihojiwa na FBI mwaka 1992, na ndipo wengi walipojua kwamba watu hao walikuwa na maisha.

Angalieni tofauti. Waliosoma sura waliwatwika watu watatu mzigo wa damu. Waliofungua majalada wakautua. Wote waliitwa watafiti.

Sitaki niseme uongo kwa ajili ya kushinda mabishano: bila watafiti wa ridhaa tungekuwa gizani zaidi. Tume ya Warren ilitoa ripoti yake mwaka 1964 na kufuatisha juzuu 26 za ushahidi zisizo na faharasa ya mada iliyofaa. Aliyeitengeneza faharasa hiyo, jioni baada ya kazi yake katika Shirika la Afya Duniani mjini New York, ni Sylvia Meagher. Mary Ferrell, katibu wa ofisi ya mawakili mjini Dallas, alijaza maelfu ya kadi za majina na tarehe. Shirika la ujasusi la Marekani lilikuwa limeificha tume mipango yake ya kumuua Fidel Castro. Dola haikustahili kuaminiwa kwa neno lake tupu, na hao wanawake walikataa kuiamini kwa neno tupu. Nawavulia kofia. Lakini kazi yao ilikuwa kazi ya faharasa. Faharasa haimwiti mtu muuaji. Inasema jina lake limo katika juzuu la 7, nenda kasome.

Ni Meagher huyohuyo aliyesimama kumpinga Jim Garrison, mwendesha mashtaka wa New Orleans, wakati watafiti wenziwe kadhaa walipofunga safari kwenda kumsaidia. Garrison alimkamata Clay Shaw, mfanyabiashara mstaafu, tarehe 1 Machi 1967, kwa tuhuma za kula njama. Kesi ikaisha tarehe 1 Machi 1969, na wazee wa baraza walihitaji chini ya saa moja kumwona hana hatia. Miaka miwili kamili, saa moja. Siku chache baadaye akashtakiwa tena, mara hii kwa kusema uongo mahakamani, hadi mahakama ya shirikisho ikaizuia kesi hiyo mwaka 1971. Shaw alifungua madai ya fidia, akafa mwaka 1974 kabla hayajasikilizwa, na kwa kuwa hakuacha ndugu wa karibu wanaotambuliwa na sheria ya Louisiana, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1978 kwamba madai yale yamekufa pamoja naye. Mwaka 1991 ikaja filamu ya Oliver Stone, na dunia nzima ikamwona Shaw akiwa mwovu sinemani. Marehemu hana wakili wa sinema.

Turudi kwenye lugha, maana nasikia mtu akiuliza: haya ya Wamarekani yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu sarufi yetu, ikitumiwa na mvivu, ni maficho makubwa. Tazameni neno mshukiwa. Limetokana na kitenzi shuku, likabebeshwa kiambishi cha kutendwa, -w-. Kila kutendwa kuna mtenda: mshukiwa ameshukiwa na nani? Shaka imo moyoni mwa anayeshuku, lakini neno huihamisha na kuibandika usoni pa anayeshukiwa, kana kwamba ni alama ya kuzaliwa nayo. Mtuhumiwa, mshtakiwa, aliyetiwa hatiani: hizi ni ngazi, na kila kipandio kinahitaji mtu wa kukipandisha, mwenye jina na cheo. Msimulizi anayeruka kutoka "alionekana pichani" hadi "mshukiwa" amejifanya polisi. Akifika "mtuhumiwa" amejifanya shahidi. Na wengi hufika mwisho wa ngazi kabla ya tangazo la biashara.

Lililo baya kuliko hayo ni inasemekana. Sema, semeka, semekana: kitenzi kimevuliwa mtenda, kikavishwa hali, na mwisho wake hakuna kinywa kilichosema wala sikio lililosikia. Neno linaelea tu. Nimesikiliza simulizi moja ya Kiswahili juu ya mwenye mwavuli, na katika dakika kumi neno hilo lilikuja mara nyingi kuliko jina la Kennedy. Hakuna hata mara moja ambapo msimulizi alisema: aliyedai hivi ni fulani, katika kitabu fulani, na aliyempinga ni fulani. Kiswahili kina uwezo wote wa kuyasema hayo. Tumechagua inasemekana kwa sababu haina anwani ya kupelekewa barua ya mashtaka.

Tena tumeipa methali ya kuilinda: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kama methali imewahi kutumika vibaya, ni hii. Kwa mantiki yake mtu hawezi kusafishwa kamwe, kwa kuwa ukosefu wa ushahidi leo unageuka kuwa ahadi ya ushahidi kesho. Mwaka 1967 gazeti moja la London lilipiga hesabu kwamba uwezekano wa mashahidi kadhaa wa Dallas kufa ndani ya miaka mitatu ni mmoja kwa trilioni 100,000. Lisemwalo likawa lipo. Gazeti lenyewe baadaye liliiandikia kamati ya Bunge kwamba hesabu ile ilikuwa kosa la uzembe, kwa maana swali lenyewe liliulizwa visivyo. Trilioni zile bado zinatembea. Barua ya kuzisahihisha haikupata nauli.

Sisi nasi tuna majeraha yetu, na moja linaungana na Dallas kwa uzi wa kweli. Mwaka 1960 Tom Mboya alimwendea Kennedy, wakati huo seneta, kuomba msaada wa nauli za wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokuwa wanakwenda kusoma Marekani, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa fedha. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya naye alipigwa risasi, Jumamosi mchana, mbele ya duka la dawa jijini Nairobi. Aliyehukumiwa alikumbukwa kwa swali moja, kwamba kwa nini hawamwendei yule mkubwa. Kwa miaka zaidi ya 50 Wakenya wameuliza mkubwa ni nani, na hilo ni swali halali la raia kwa dola. Lakini barabara ile ilikuwa imejaa wateja, wapita njia, wauza magazeti. Wengine wana wajukuu mnaokutana nao leo. Zikitokea picha za siku ile, na kijana mwenye simu nzuri akaanza kuzungushia sura duara jekundu, tutakuwa tumeagiza ugonjwa kutoka ng'ambo tukiwa na magonjwa ya kutosha.

Teknolojia haitatuokoa, itaharakisha. Serikali ya Marekani ilipotoa Machi 2025 majalada ya mwisho ya mauaji ya Kennedy bila kufuta maandishi, iliachia humo humo namba za hifadhi ya jamii za mamia ya watu, wengine wangali hai, ambao kosa lao lilikuwa kufanya kazi katika ofisi iliyochunguza. Kilichokusudiwa kuifunua dola kimewafunua makarani.

Najua nitajibiwa kwamba wafu hawaoni haya, na kwamba ukweli hauombi ruhusa. La kwanza si kweli kwa yeyote aliyekulia katika jamii yenye majina ya ukoo. La pili nalikubali kwa dola: katibu mkuu, jasusi, waziri, mkuu wa polisi, hao walichukua mshahara wa umma na hatuhitaji ridhaa yao kuyafungua majalada yao. Aliyesimama kando ya barabara hakuchukua mshahara wa mtu. Anayetaka kumtaja kwa jina alete kwanza karatasi, na karatasi isomeke na wengine. Picha na mfanano wa pua si karatasi.

Katika mkanda wa Dallas yumo mwanamke mmoja ambaye hadi leo hajatambuliwa kwa uhakika. Amejifunga mtandio kichwani, akaufunga chini ya kidevu, na kwa ajili ya mtandio huo amepachikwa jina la Kirusi lenye maana ya bibi, babushka. Wengine wakachukua hatua iliyofuata, kwamba basi ni jasusi wa Warusi. Anaonekana amesimama, mikono ameiinua usoni kama anayepiga picha, wakati wengine karibu naye wamejitupa majanini. Wametokea watu wa kumtafuta katika kila kizazi. Mmoja alijitokeza mwaka 1970 kudai ndiye, na watafiti hawakuafikiana. Tanga, Lamu au Bagamoyo mtandio ule usingemfanya mtu ageuze shingo. Kwa msimulizi wa Kiswahili atakayefika kwenye picha hiyo nina ombi dogo: aandike "mwanamke aliyevaa mtandio, aliyekuwa akitazama msafara", aweke nukta, kisha aendelee na sentensi inayofuata.